Nimerudia gemu tano nilizozipenda kuliko zote. Mbili zimenifia mkononi, tatu bado zinapumua. Kwa nini?

#1 Kidole_Gumba

Wakuu, salaam.

Likizo hii nimefanya jambo nililoliahirisha miaka mingi. Nimezirudia gemu tano ambazo mtu akiniuliza "gemu zako bora ni zipi" huwa nazitaja bila kufikiri: Super Mario Bros. ya 1985, Tomb Raider ya 1996, Final Fantasy VII ya 1997, Silent Hill ya 1999 na Shadow of the Colossus ya 2005. Nimezicheza kama zilivyotoka, si yale matoleo yaliyosukwa upya. Nilitaka kukutana na zile zile.

Mario: dakika mbili tu vidole vikakumbuka vyenyewe. Ukibonyeza kuruka ukaachia upesi anaruka kidogo, ukishikilia anapaa. Akiwa kwenye mbio ukimgeuza hageuki hapo hapo, anaserereka kwanza. Yule mtu ana uzito! Nilicheza saa mbili bila kunyanyuka.

Tomb Raider: nimeshindwa. Namwambia Lara ageuke, anageuka kama lori kwenye uchochoro. Kila pengo lina hesabu yake, rudi hatua moja nyuma, kimbia, ruka. Zamani hesabu hiyo niliifanya usingizini. Safari hii sikufika hata kwa yule dinosaria.

Final Fantasy VII: moyo unataka, mwili unakataa. Natembea hatua chache, skrini inazunguka, vita. Nimalize, hatua chache tena, vita. Naliita dude la msaada, natazama onyesho lile lile refu kwa mara ya ishirini. Nimeishia diski ya kwanza, kabla ya lile tukio mnalolijua.

Silent Hill: nilianza usiku taa zikiwa zimezimwa. Redio ilipoanza kukwaruza, sijaona kitu bado, ni sauti tu, nikasimama nikawasha taa.

Shadow of the Colossus: hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Nipo juu ya mgongo wa jitu, nimeshika manyoya, linajitikisa, na mimi nimekibana kitufe cha R1 hadi kidole kikauma, kama vile nikilegeza nitaanguka mimi mwenyewe kutoka kwenye kochi. Najua kabisa kubonyeza kwa nguvu hakusaidii. Bado nikabana.

Swali langu: kitu gani kinaifanya gemu moja ibaki hai na nyingine ife? Si umri, maana iliyo kongwe kuliko zote ndiyo changamfu kuliko zote. Si hadithi, maana kwa hadithi FF VII inazifunika zote nne. Nini basi?

#2 Njozi_ya_Mchana

Naweka kambi hapa.

#3 Mzee_wa_Diski

Jibu ni mkono, mkuu. Gemu hufa pale lugha ya pedi inapobadilika.

Tomb Raider ilipotoka, pedi ya PlayStation haikuwa na vile vijiti viwili vya kuzungusha. Ilikuwa mishale tu. Kwa hiyo mshale wa kushoto ulimaanisha "geukia kushoto kwako", si "nenda kushoto kwa skrini". Mwaka huo huo Super Mario 64 ikaja na kijiti, mhusika anaelekea unakosukumia. Mwaka 1998 Ocarina of Time ikaleta kumfungia adui jicho: unashikilia kitufe cha Z, kamera na mwili vinabaki vimemwelekea. Tangu hapo vidole vyetu vimelelewa kwa lugha hiyo, na Lara wa zamani anazungumza lahaja iliyokufa. Mario wa 1985 hakuguswa kwa sababu gemu ya pande mbili haina utata. Kushoto ni kushoto.

#4 Tausi_Mkali

Mzee wa Diski, hapo umechemka. Silent Hill nayo inaendeshwa hivyo hivyo kama lori. Mshale wa kushoto unamgeuza Harry papo hapo alipo. Mbona mleta mada anasema iko hai?

#5 Mzee_wa_Diski

Swali zuri, dada. Kwenye gemu ya kutisha uzito ule unasaidia. Harry si askari, ni baba anayemtafuta mtoto wake kwenye ukungu. Akigeuka taratibu, naogopa zaidi. Lara ni hodari, tumeambiwa anaruka kama paka, halafu mkononi anakuwa gogo. Yaani kinachoua ni mwili na pedi kutokubaliana.

#6 Tausi_Mkali

Umeruka kama Lara mwenyewe, hatua moja nyuma kisha mbele. Ila nimeipenda. Endelea.

#7 Fundi_Solda

Kabla hamjafika mbali, Kidole_Gumba umecheza kwenye TV gani? Kama ni flati, nusu ya uzi huu inaweza kuwa ni TV tu.

Mfano mwepesi ni Duck Hunt, ile gemu ya kuwalenga bata kwa bastola. Ukifyatua ile bastola, skrini inakuwa nyeusi kwa fremu moja, halafu pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Bastola haifyatui chochote, ina jicho linalosubiri mwanga. Ikiona mweupe kwa wakati uliotarajiwa, bata kafa. TV ya chogo ilichora picha papo kwa papo. Flati inaichakata kwanza, mwanga unachelewa, na bastola inahesabu umekosa hata ukiibandika kwenye kioo. Sasa kama bastola inaona kuchelewa huko, kidole chako hakikioni? Kinakiona, ila hakina jina la kukiita.

#8 Kidole_Gumba

Fundi, zote tano nimechezea flati moja, ile ile, nikiwa nimeiweka kwenye hali yake ya gemu ili isichelewe. Kama TV ndiyo muuaji, Mario angekuwa wa kwanza kufa maana ndiye anayetaka wepesi kuliko wote.

#9 Fundi_Solda

Sawa, kwa wepesi nimekubali. Lakini kwa picha sijashuka. PlayStation ya kwanza ilichanganya rangi kwa kutawanya nukta nukta, na kwenye chogo nukta zile zilikuwa zinayeyuka, zinakuwa rangi moja laini. Flati inakuonyesha kila nukta. Yaani unatazama mshono badala ya nguo. Nyuso za FF VII ulizozipenda ulizipenda zikiwa zimelainishwa na kioo.

#10 Kipepeo_wa_Usiku

Mimi naona kinyume. Gemu zilizobaki ni zile ambazo udhaifu wa mashine uligeuzwa kuwa gemu yenyewe.

Ukungu wa Silent Hill unajua ulitoka wapi? Mashine haikuweza kuchora mji hadi mbali. Vitu vingekuwa vinachomoza ghafla mbele yako, vibaya. Wakafunika kwa ukungu na giza, na ukungu ule ukawa ndio hofu.

Space Invaders ya 1978, ya Tomohiro Nishikado: wale wadudu wanaongeza kasi kadiri unavyowapunguza. Chanzo chake ni kwamba prosesa ilikuwa inazidiwa kuchora wengi. Wakipungua, inapumua, wanaenda mbio. Akaacha vile. Leo gemu ngapi zinakuongezea kasi mwishoni?

Resident Evil nayo, ile milango inayofunguka polepole ni mashine inasoma diski. Lakini nani hakushika roho mbele ya mlango ule?

Na Mario: hebu tazama mawingu, kisha tazama vichaka. Ni mchoro ule ule, wamebadilisha rangi tu, kwa sababu katriji ilikuwa na kilobaiti 40 kwa gemu nzima. Nilipoambiwa nilikuwa nimeshaicheza miaka, nikaenda kuwasha kuhakikisha. Kweli.

#11 Njozi_ya_Mchana

Vichaka ni mawingu?! Nimetoka kambini kwenda kuangalia.

#12 Jino_la_Simba

Kipepeo, maelezo matamu ila yana tundu. Tomb Raider nayo ilikuwa na udhaifu na ikaugeuza. Dunia yake nzima imepangwa kwa miraba sawa, ndiyo maana hesabu za kuruka hazidanganyi. Ukijua mraba mmoja unajua gemu nzima. Uzuri ule ule unaousifia. Mbona mleta mada ameikimbia?

Halafu kwa toleo la PlayStation hata kusevu ilikuwa kwa vile vito vya buluu tu. Mimi nilichezea kompyuta, nasevu popote nikitaka, na mpaka leo nairudia bila shida. Labda Kidole_Gumba amechoshwa na kurudia njia, si Lara.

#13 Kidole_Gumba

Jino, hilo la vito sikulifikiria. Ni kweli nilipoacha nilikuwa nimetoka kurudishwa mbali sana. Nitaijaribu ya kompyuta.

#14 Mwana_Midgar

Nimesoma toka mwanzo nikinyamaza, sasa siwezi. FF VII haijafa. Mleta mada umeikimbia kabla haijakufikia.

Nilikuwa kwenye chumba cha kaka yangu, saa za kulala zimepita, sauti nimeiweka chini kabisa. Aerith, yule dada wa kikosi chetu, amepiga magoti anaomba. Sephiroth, yule adui mkuu, anashuka na kumuua. Halafu, mnakumbuka, muziki wake hausimami hata vita inapoanza. Kwa kawaida vita ina muziki wake, hapo mtunzi Nobuo Uematsu anaacha ule ule uendelee, na wewe unapigana huku umeumia. Nilikuwa nimemlea yule dada kwa saa nyingi, nimempa fimbo nzuri kuliko wote, nimemfungulia uwezo wake. Gemu ikavichukua vyote. Nilikaa siku kadhaa nikiamini kuna namna ya kumrudisha.

Zile vita za kila hatua chache ndizo zilizonifanya nimjue. Toleo la 2020 wameziondoa, unawaona maadui kabla, limependeza kweli, nimelimaliza. Lakini mazoea yale sikuyapata.

#15 Jini_Kisiri

Mbona namna ya kumrudisha ipo. Jamaa yangu alimfufua, alipata ua fulani diski ya tatu.

#16 Tausi_Mkali

Hiyo chai, tena ya kandokando ya moto.

#17 Mzee_wa_Diski

Chai kabisa. Watu wameifungua gemu ile hadi mistari ya ndani, hakuna njia ya kumfufua kwenye mchezo wa kawaida.

#18 Jini_Kisiri

Sawa, nimelishwa matango pori miaka yote hii. Lakini sikilizeni, ndio hoja yangu. Tulizipenda kwa sababu hatukujua! Hakuna aliyekuwa na intaneti ya kuhakikishia. Kila mtu alikuwa na jamaa aliyeona kitu. Kwenye Pokémon za kwanza tuliambiana Mew, yule kiumbe adimu, yuko chini ya lile gari bandarini. Nilitumia siku nzima kulifikia.

#19 Nyota_ya_Johto

Gari lipo kweli. Chini yake hakuna kitu. Ila Mew alikuwemo ndani ya gemu, ndio uzuri wake. Shigeki Morimoto alimwingiza mwishoni kabisa, kwenye nafasi ndogo iliyobaki walipoondoa zana za kukagua makosa. Kwa hiyo uvumi ulikuwa na mfupa ndani.

#20 Jini_Kisiri

Asante dada. Kumbe nilikuwa nawinda kitu kilichopo mahali pasipo sahihi. Nimefarijika.

#21 Kidole_Gumba

Jini, naikubali nusu. Mario sina siri hata moja iliyobaki. Najua kila bomba linaloshuka, kila tofali lenye ua. Bado iko hai. Siri haiwezi kuwa yote.

#22 Vipande_Saba

Ndiyo maana mngeanza na Tetris tukamaliza mapema. Haina hadithi, haina siri, haina mtu wa kumpenda.

#23 Njozi_ya_Mchana

Tetris ile ya Game Boy ya 1989, Wajapani waliipatia.

#24 Vipande_Saba

Rekebisha kidogo, Njozi. Game Boy iliisambaza, lakini aliyeibuni ni Alexey Pajitnov, Moscow, 1984, kwenye kompyuta ya Elektronika 60 isiyoweza kuchora picha kabisa. Vipande vilikuwa mabano ya maandishi yaliyopangwa! Ukitoa kila kitu kwenye gemu, kilichobaki ni kile alichokuwa nacho siku ya kwanza.

Na hata hapo kuna hai na hai zaidi. Tetris za kisasa zinakupa vipande kwa mfuko wa saba. Vyote saba vinapita ndipo mfuko mwingine uchanganywe, kwa hiyo kati ya mti mrefu mmoja, kile kipande kilichonyooka, na unaofuata havizidi vipande 12. Ile ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, haina huruma hiyo, unaweza kuusubiri mti mrefu hadi ukuta ukakufika kooni. Mimi naipenda ile katili. Ukipata mti baada ya ukame unasikia mwili mzima.

Miaka mingi ilidhaniwa ngazi ya 29 ndio mwisho wa binadamu, vipande vinashuka upesi kuliko kidole. Watu wakabuni namna mpya za kubonyeza, za kutetemesha kidole, za kugonga pedi kwa nyuma. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 huko Marekani akafika ngazi ya 157, gemu ikaganda. Mtu kaishinda hadi ikashindwa kuendelea. Niambieni gemu gani nyingine ya zamani bado ina habari mpya.

#25 Mzee_wa_Diski

Pac-Man ilifikishwa mwisho zamani, steji ya 256, nusu ya skrini inageuka takataka. Ila hongera kwa kijana.

#26 Kipepeo_wa_Usiku

Turudi kwa majitu. Mimi Shadow of the Colossus niliicheza ile mpya ya PS3 ya 2011, na sikuhisi hicho kidole kuuma.

#27 Jino_la_Simba

Ya 2011 si mpya, ni ile ile iliyosafishwa picha. Iliyojengwa upya ni ya PS4, 2018.

#28 Kidole_Gumba

Jino kamaliza. Kipepeo, nikuambie nilichokiona safari hii ambacho sikukiona zamani. Ni farasi, Agro. Ukimvuta hatamu hatii mara moja. Anasita, wakati mwingine anakwepa mti mwenyewe, wakati mwingine anasimama ukingoni akikataa. Zamani nilidhani ni ubovu. Sasa nikaona kwamba Fumito Ueda na wenzake wamenipa farasi, si gari. Dunia nzima haina maadui wadogo, ni majitu 16 na safari ndefu za kimya, mimi na Agro. Kwa hiyo lile daraja linapobomoka, kabla ya jitu la mwisho, na Agro ananisukuma mbele na kuanguka yeye, nililia. Najua anarudi akichechemea. Nililia vile vile.

Mwana_Midgar, sasa ninapoandika haya naona ni jambo lile lile la Aerith. Muda wa kuzoeana. Nitarudi kwenye diski ya kwanza, nakuahidi.

#29 Mwana_Midgar

Karibu. Tupo tunakusubiri Midgar.

#30 Upande_wa_Pili

Mnaongelea gemu za mtu mmoja tu. Kwangu iliyokufa ni PES 6, gemu ya mpira, na haikufa kwa pedi wala TV. Adriano bado anapiga lile shuti la kushoto kipa anabaki anatazama. Kila kitu kipo. Kisichokuwepo ni kaka yangu kando yangu akinisukuma bega nikiwa nataka kupiga penalti. Nikicheza na kompyuta nashinda tano bila, nazima.

#31 Tausi_Mkali

Hii imenigusa. Na kaka bado yupo?

#32 Upande_wa_Pili

Yupo, yuko mbali, ana majukumu. Tumepanga kucheza kwa mtandao, lakini bega halifiki.

#33 Nyota_ya_Johto

Mimi ninayo moja ambayo sijui niite hai au imekufa. Pokémon Gold ya dada yangu. Alifariki tukiwa wadogo. Katriji zile zinashika faili moja tu, nikianza yangu nikasevu, yake inafutika. Kwa hiyo sijawahi kuicheza. Mara moja kwa mwaka naiwasha, naona jina lake, beji 14, na saa alizocheza. Nazima.

#34 Fundi_Solda

Dada, pole sana. Soma hili leo leo. Faili lile haliko kwenye chipu ya kudumu, liko kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo ndani ya katriji. Na Gold ina saa inayotembea muda wote, usiku na mchana wa mle ndani, kwa hiyo betri yake huisha upesi kuliko za Pokémon za kwanza, Red na Blue. Kama bado iko hai ni bahati. USIIFUNGUE wala usibadilishe betri, ukiing'oa tu faili limekwenda. Tafuta kisomeo cha katriji za Game Boy kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Kwanza nakili faili, weka nakala sehemu mbili, ndipo betri ibadilishwe, halafu unalirudisha faili ndani.

#35 Nyota_ya_Johto

Mikono inatetemeka. Asante kaka. Naanza kutafuta kisomeo.

#36 Mzee_wa_Diski

Dada, ukikwama sema hapa hapa. Wengine tuendelee kubishana taratibu. Mimi bado nasema ni mkono.

#37 Vipande_Saba

Na mimi bado nasema ni sheria za mchezo. Celeste ya 2018 inakuruhusu kuruka hata ukishapita ukingo kwa fremu chache, huoni, unadhani wewe ndiye mahiri. Hiyo haitakufa hata ikipita miaka thelathini, maana inakutendea haki.

#38 Tausi_Mkali

Inakutendea haki au inakupendelea? Na dakika chache zilizopita ulikuwa unaisifu Tetris kwa ukatili!

#39 Vipande_Saba

Hapo sina jibu la haraka. Nipe muda.

#40 Nyota_ya_Johto

Nimerudi, siku tisa zimepita. Nakala iko sehemu tatu, betri mpya imewekwa, faili limerudi ndani. Fundi, Mungu akubariki.

Na kwa kuwa sasa siogopi tena kulipoteza, nimebonyeza kuendelea, kwa mara ya kwanza. Amesimama mbele ya nyumba ya mhusika, pale mwanzo kabisa, New Bark Town. Nikafungua kikosi chake. Typhlosion anaitwa MJOMBA. Ampharos anaitwa TAA. Wote wako juu ya ngazi ya 50.

Wa sita ni Togepi, yule wa kutoka kwenye yai. Ngazi ya 5, ile ile aliyoanguliwa nayo. Jina alilompa ni langu, lile la utotoni la nyumbani.

#41 Kidole_Gumba

Beji 14 amembeba bila kumpiganisha hata mara moja?

#42 Nyota_ya_Johto

Hata mara moja. Alikaa na nafasi tano za kupigania, ya sita ni yangu.

#43 Tausi_Mkali

Utamkuza?

#44 Nyota_ya_Johto

Hapana. Bado beji mbili, nitazitafuta na hao watano. Yeye anabaki alipo.